Mstari Ambao Zima-Washa Hakuufuta

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, madaktari, wauguzi wenzangu mlio zamu na mliotoka zamu bila kulala, ndugu wageni waalikwa, shemeji yetu mke wa mstaafu pamoja na watoto, na wewe mwenyewe bwana mkubwa uliyekaa hapo mbele na suti ambayo hatujapata kuiona: habari za mchana.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi, na amesema zikiisha atanionyesha kidole. Namwomba kidole hicho akiweke mfukoni. Nimekaa na maneno haya miaka tisa, na leo yana haraka ya kutoka kuliko mimi mwenyewe. Mnaona nimeshika karatasi, lakini sitaisoma, maana niliyokuja nayo hayamo humo. Nimekuja na furaha, na woga kidogo umechanganyika nayo.

Wageni mtusamehe. Fundi wetu wa kompyuta tunayemuaga leo ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini hapa kazini hakuna anayelikumbuka. Tunamwita Zima-Washa. Kwa miaka ishirini na moja, ukimpigia simu kumwambia mashine imegoma, hakusalimii, anakuuliza, "Umeizima ukaiwasha?" Daktari wetu wa watoto alimpigia siku moja kumlalamikia kwamba amechoka, hana hamu na kazi wala na watu. Akajibiwa, "Daktari, nenda kalale. Kesho njoo umeshawashwa upya." Daktari yule yupo hapa anacheka, na alikwenda kulala kweli.

Basi mngependa nimsifu kwa seva alizozifufua, na kwa nyaya alizozipitisha darini akatoka na utando wa buibui kichwani kama bibi harusi. Hayo wengine wameshayasema vizuri. Mimi nataka kumsifu kwa jambo alilokataa kulifanya. Na kabla sijalisema, niwaambie kwamba linamhusu mgonjwa, na kwamba mgonjwa huyo nilimwendea wiki iliyopita nikamwomba ruhusa. Alinijibu, "Sista, sema yote yaliyotupata, ila kilichokuwamo ndani ya faili kiache humo humo." Kwa hiyo mwenye hamu ya kujua aliugua nini aimeze hamu yake mapema.

Kompyuta zilipoingia wodi namba tatu, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa wodi, Sista mkuu. Zima-Washa alikuja na daftari lake, akampa kila muuguzi neno lake la siri, akatuhutubia kama baba mkwe. Alisema ukifungua faili la mgonjwa, mfumo unaandika mstari mmoja: nani amefungua, saa ngapi, ameona nini. Alisema mstari ule ni sahihi yako. Tukaitikia ndiyo, ndiyo, huku tunaangalia saa.

Jamani, mashine zile zilikuwa nzito. Kutoka mtu mmoja kwenye mfumo na kuingia mwingine kulichukua dakika nne, na mimi nilizihesabu. Mgonjwa anatapika, mwingine dripu imeisha, na wewe umesimama unatazama kiduara kinazunguka. Nikampigia Zima-Washa. Nikampigia tena. Wiki ya pili nikamfuata ofisini, kile chumba chake chini ya ngazi, nikamwambia, "Kaka, wewe unalinda mafaili, mimi nalinda watu. Niambie kipi kinaanza kufa." Ninyi mnanijua mdomo wangu. Alijitetea siku tatu, ya nne akachoka, akaiondolea mashine ile kufuli ya kujifunga yenyewe mtu akiiacha. Kuanzia hapo, kila asubuhi tukishapokezana zamu, mimi naingiza neno langu la siri, na mashine inabaki wazi hadi jioni kwa kila mwenye kupita.

Tukaupa mtindo huo jina. Tuliuita kuwasha jiko. "Sista ameshawasha jiko?" "Ameshawasha, nenda kapike." Miezi kumi na minne tulipika kwenye jiko moja, na kila chungu kiliandikwa jina langu. Je, kuna aliyeona ubaya? Tulijiona wajanja, na wodi namba mbili wakaja kujifunza kwetu.

Ndipo akalazwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mama mtulivu, anasahihisha madaftari ya watoto akiwa kitandani. Alitoka Jumanne. Ijumaa alirudi kwa miguu yake, hakuja kutibiwa. Alisimama katikati ya wodi na mkoba wake, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeingia chumba cha walimu leo, wote wakanyamaza. Halafu mmoja akanipa pole kwa jina la ugonjwa wangu. Sijamwambia hata mume wangu. Naomba mnionyeshe aliyewaambia." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemletea kiti na maji. Alisimama tu akatuangalia mmoja mmoja, na mimi nikashikwa na aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka.

Kamati ya nidhamu ikaitwa. Ukatolewa ukurasa mmoja kutoka kwenye mfumo. Faili la mwalimu lilikuwa limefunguliwa Jumatano, siku moja baada ya yeye kutoka, saa mbili na dakika kumi asubuhi, bila sababu yoyote ya matibabu. Na aliyelifungua, kwa mujibu wa ule mstari, ni mimi. Dakika hiyo nilikuwa nyuma ya pazia, nambadilishia bandeji bibi mmoja asiyesikia wala kuona vizuri. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi wangu pekee. Miaka ishirini na mbili ya uuguzi, watoto wawili shuleni, na jina langu linakwenda kuitwa mvujishaji wa siri za wagonjwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokuwa sijawahi kufika mbele ya mtu yeyote.

Siku moja kabla ya kikao, saa nane mchana, nilikwenda kwenye chumba cha chini ya ngazi. Alikuwa anafunga skrubu. Nikafunga mlango, nikamwambia, "Kaka, ni mstari mmoja tu. Ufute. Wewe unajua si mimi."

Hakuinua macho. Akasema, "Najua si wewe."

"Basi hutasema uongo. Utaondoa uongo."

Akaweka bisibisi chini. Akaniuliza, "Sista, nikifuta huu, kesho ukikuta dozi ya mgonjwa wako imebadilika kwenye mfumo, ukaniuliza kama kuna mtu ameigusa, nikakwambia haijaguswa, utaniamini?"

Mtu akikosa jibu hutafuta tusi. Nikamwambia ni nyoka, nikamwambia amenifungulia jiko ili niungue peke yangu, nikamwambia aniache tu nizame. Akanijibu taratibu, kama anavyoongea na mashine iliyogoma, "Sijasema nitakuacha uzame. Nimesema sifuti." Nikabamiza mlango. Bawaba ya juu ya mlango ule ililegea tangu siku hiyo, na yeye hakuwahi kumwambia fundi seremala ni nani aliyeilegeza.

Kesho yake, mbele ya kamati, Mheshimiwa Mkurugenzi, wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti. Ulimuuliza, "Ndugu fundi, kompyuta inasema ni nani?" Akasema, "Inasema ni Sista." Kisha akaendelea, "Lakini ukurasa huo hauthibitishi kitu. Mimi niliondoa kufuli miezi kumi na minne iliyopita, nikijua si sahihi. Tangu hapo jina la Sista ni la kila aliyepita pale. Aliyeharibu ushahidi wenu ni mimi." Mjumbe mmoja akamwuliza kama anaelewa kwamba anajiandikia barua ya onyo. Akasema anaelewa, ila waiandike vizuri, wasisahau kutaja miezi.

Mnakumbuka kilichofuata. Siku mbili baadaye, aliyelifungua faili lile alikwenda mwenyewe kwa Mkurugenzi akakiri. Jina lake silitaji, ameshatumikia adhabu yake. Mwalimu aliombwa radhi kwa maandishi, na hakudai zaidi ya hapo, ingawa alistahili. Zima-Washa akapigania mpaka kila mmoja wetu akapata kadi yake, unaigusisha tu, mashine inafunguka kwa jina lako kabla hujavuta pumzi. Tatizo la dakika nne, ambalo kwa ajili yake tuliuza siri za watu, lilikuwa na dawa muda wote. Tulikuwa hatujaitafuta, kwa sababu mkato ulikuwa karibu.

Lakini ninyi vijana wa idara yake, na wewe shemeji, mmejiuliza mara nyingi kwa nini mtu huyu aliyewafundisha wakuu wa idara watatu hakuwahi kuwa mkuu wa idara. Ni barua ile. Mwaka ule nafasi ilikuwa yake, kila mtu alijua. Ikampita, na haikurudi. Na barua ile inasema aliondoa kufuli kwa uamuzi wake mwenyewe. Haisemi aliombwa, akasumbuliwa, akafuatwa mpaka ofisini na Sista mwenye mdomo. Hakulisema. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hatua mbili kutoka kwake. Mwenyekiti akaniuliza, "Sista, una la kuongeza?" Nikasema, "Sina."

Nilikuwa nalo.

Nawaambia mafundi wapya, ninyi watatu wa safu ya nyuma ambao Jumatatu mnarithi funguo zake: mtaogopeshwa na wadukuzi wa mbali, na ni kweli wapo. Lakini atakayewasumbua zaidi ni mtu mnayempenda, mwenye haraka ya kweli na machozi ya kweli, atakayekuja kuwaomba jambo dogo. Atakuja na sababu nzuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri mara zote mbili. Mara ya kwanza fundi alinikubalia, na mwalimu wa watu akavuliwa nguo hadharani. Mara ya pili alinikatalia, na ndiyo maana hospitali hii mpaka leo inaweza kuamini kilichoandikwa kwenye skrini zake.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nusu saa iliyopita umetangaza hapa, watu wakapiga makofi, kwamba mimi ndiye mwenyekiti wa kamati mpya ya kulinda siri za wagonjwa. Naitaka kazi hiyo. Nimeitaka mpaka nimekosa usingizi, na nina mawazo ya kujaza madaftari mawili. Lakini barua ya uteuzi iko pale mezani mbele yako, na sijaisaini. Sikutaka uniteue bila kujua kwamba mtu uliyempa kazi hiyo aliwahi kwenda chini ya ngazi kuomba ushahidi ufutwe, akanyamaza mwenzake alipobeba lawama yote. Sasa unajua. Ukiichukua barua yako, nitaelewa, na nitapika chai ya wajumbe. Ila naomba, yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho, jambo lake la kwanza liwe kulifungua jalada la mtu huyu na kuandika chini ya ile barua ya onyo maneno niliyoyasema leo, yakiwa na jina langu na saa niliyoyasema.

Kaka yangu, tazama huku, usijifanye unasoma ratiba. Maisha yangu yote nimewashukuru watu walionikubalia: walionikopesha zamu, walionishikia mtoto, waliosema ndiyo. Wewe sikukushukuru, nilikuita nyoka. Leo nakwambia mbele ya mkeo, mbele ya wanao na mbele ya mkubwa wetu wa kazi: asante kwa kunikatalia.

Ndugu zangu, mmenisikiliza kwa uvumilivu kuliko nilivyostahili, nami nawashukuruni nyote.