Pole Niliyoisema kwa Kifaransa

Bamama na bapapa, nashukuru Mungu juu amenifikisha mbele yenu. Mutaniacha nitoe ushuhuda wangu hapa kanisani.

Kule Bukavu nilikuwa mwalimu. Huku Ubelgiji nilisafisha maofisi miaka mingi. Nikiwa na quarante-deux ans, miaka arobaini na mbili, nikaingia shule ya bantu bazima, mutaa ya Laeken, kusomea kazi ya kutunza bagonjwa: kuosha, kulisha, kupima tension ya damu. Bengine mulinicheka. Nilitaka ile diplôme sana.

Bon. Staji ya mwisho, ile ya kujifunza kazi, ilikuwa ku nyumba ya bazee, Uccle. Asubuhi moja naingia mu chumba, nakuta mama mumoja ameanguka, damu ku kichwa. Mama huyo alikuwa amesahau hata jina yake. Nikapiga kengele, nikamushika mukono. Na sisi, muntu akiumia, tunamwambia nini? Pole. Lakini kwa Kifaransa sikuipata. Nilisema, "Pardon, maman. Pardon."

Infirmière, muuguzi wa pale, akaingia, akasikia.

Ndugu zangu, nawaambia, ile neno iliandikwa mu ripoti: mwanafunzi aliomba musamaha. Bakasema, donc ni yeye alimwangusha. Bakubwa ba ile nyumba baliniuliza, "Kama haukukosa, pardon ilikuwa ya nini?" Nikakosa jibu. Bakanirudisha nyumbani, ningoje shule iamue. Kisha siku kidogo, yule mama akafariki.

Hapo na mimi nikaanguka. Sikula, sikuoga. Nikaanza kujiuliza: labda ni mimi kweli? Hapa kanisani niliwaambia ni malaria. Nilidanganya, munisamehe.

Alors, dada mumoja wa kanisa hii akafiwa na mama yake kule Congo. Ku kilio nilikaa karibu na bwana yake, Mubelji. Kila muntu anaingia: pole, pole sana. Akaniuliza maana yake kwa sauti ndogo, "C'est quoi, pole?"

Nikamujibu, "Ni pardon."

Akashangaa. "Bote hawa bamekosa nini?"

Nililia pale pale. Mulifikiri nalilia marehemu.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu wangu, nikamweleza ile neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisindikiza mbele ya bakubwa ba shule. Bakafuta ile maneno. Pardon habakuniomba, na mwaka nikarudilia yote. Diplôme nimeipata.

Asante kwa ule mwalimu. Asante kwa dada aliyeniletea bugali wakati nilikataa kula, akangoja mpaka nimeze. Asante kwa ule Mubelji, hajui hata alichofanya. Na batoto benu benye kusoma, mubaambie: ukiulizwa na ukakosa neno, usinyamaze. Eleza vile nyumbani munasema, hata bakucheke.

Mimi sijapona yote. Juzi ku kazi muzee mumoja aliumia mukono. Nikageuka kwanza, nikaangalia kama mulango imefungwa. Kisha nikamwambia pole, kwa Kiswahili.