Mwalimu Irma Lefipán na Jua Lililokataa Kuwaka Huemul

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Irma Lefipán alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 hapa Bariloche, mtoto wa pekee wa mzee Segundo Lefipán, fundi mwashi aliyemwaga zege la maabara ya nyuklia kisiwani Huemul, katika ziwa letu hili, pale serikali ilipotangaza mwaka 1951 kwamba jua limewashwa duniani, mwaka uliofuata mradi ukafungwa kwa kuwa hakikuwashwa kitu, ila mzee akaendelea kuamini kwamba liliwaka, majirani nao wakimpitia mlangoni kila majira ya baridi, "Segundo, tuazime kajua kako tukaushe soksi!"

Alimaliza sekondari Desemba 1967, akaenda chuo cha ualimu Neuquén, na aliwaambia wenzake waziwazi kwamba fizikia hakuifuata kwa mapenzi, bali alitaka kujua kama baba yake ni mwongo.

Tangu tarehe 6 Machi 1972 hadi 2009 alifundisha kidato cha nne, na kila Novemba aliwapeleka wanafunzi ziwani, chupa ya maji moto ya kutengenezea mate, ile chai yetu ya majani machungu, kwapani, akawapa sumaku mbili zilizoviringishwa utepe wa kufungia mikoba, ule wa vijindoano vinavyonasana, wazisogeze ncha zinazofanana, zikikataana awafokee, "Sukuma, mvivu wewe, viini vya haidrojeni navyo vinakataana hivyo hivyo!", mpaka utepe ushike, ndipo aeleze kwamba viini vikigongana kwa kasi ya kutosha hunaswa na nguvu inayofanya kazi kwa karibu sana tu, inayoshinda kukataana kwao, vikawa heliamu, iliyo nyepesi kidogo kuliko vyote vilivyoingia kwa pamoja, na kile kilichopungua hutoka kama nishati, jua huweza kwa nyuzi joto milioni kumi na tano kwa kuwa uzito wake unavibana, sisi huku chini tunahitaji zaidi ya milioni mia moja, na gesi hiyo ya haidrojeni isiguse ukuta wa chombo.

Tarehe 8 Februari 1975 aliolewa na Osvaldo Barría, fundi wa mabomba ya gesi, wakajaliwa watoto wawili, mimi Marcela ninayesoma, na mdogo wangu Hernán.

Julai 1983 mzee Segundo, akiwa mahututi, alimuuliza mama kama jua la Huemul liliwaka japo kidogo, naye, ambaye hakuwahi kumpa mtu alama ya huruma, akajibu, "Halikuwaka, baba," mzee akageukia ukutani, na siku ya tatu akafariki bila kusema naye tena. Jambo hilo lilimuuma mama maisha yake yote.

Tangu hapo mtihani wake ulikuwa na swali moja lisilobadilika, kwa nini jua halikuwaka Huemul, alama tisa za joto, msongamano na muda wa kuishika gesi, na ya kumi kwa atakayeandika kwamba kosa halikuwa la waliojenga.

Aliugua mapafu mwaka 2017, akafariki tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani, hata ninyi wa soksi.

Mkobani mwake tumekuta karatasi ya mtihani ya 1983, tupu, juu yake jina la Segundo Lefipán, na kwa kalamu nyekundu, alama moja, ile ya kumi. Tumemlaza nayo.

Lala kwa amani, Mwalimu, kusahihisha kumekwisha.