Taya Lililomsahau Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Papa Firmin Kalasa anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ya kutengeneza meno bandia katika kliniki yetu hapa Kikula, Likasi. Aliingia mwaka 1986 akiwa na meno thelathini na mawili. Anatoka bila hata moja la kwake mwenyewe, na mwenyewe husema kazi imelipiza kisasi. Mimi Viviane, niliyekaa naye meza moja kwa miaka tisa, nimeombwa niandike mazuri yake. Ni mengi. Lakini ya wiki hizi za mwisho siwezi kuyaruka, hata Daktari Ghislain, mkuu wa kliniki, akinikunjia uso.

Watu hudhani kazi ngumu ni kuchonga meno. Wapi! Kazi ngumu ni kujua mdomo usio na jino hata moja unafunga wapi. Mwenye meno hufunga pale meno yanapokutana. Asiye nayo, taya lake huenda ovyo. Papa Firmin hutia nukta moja puani na nyingine kidevuni, halafu humwambia mgonjwa aseme "mama". Ukisema mama, midomo hugusana na taya hupumzika lenyewe. Hapo hupima, hutoa milimita tatu, huweka kingo mbili za nta juu ya fizi, na mgonjwa hukunja ulimi nyuma, humeza mate, hufunga. Namba huandikwa kwenye kadi: kimo ni kipi, na taya limeegemea wapi. Ukikosea hapo, hata meno mazuri namna gani yataishia kabatini.

Tena si mtu wa maelezo mengi. Hukaa mbele ya mgonjwa, goti kwa goti, na kusema, "Fanya sawa minye," yaani kama yeye. Kisha hufunga mdomo pamoja naye, mara tatu, kwa siku tatu tofauti. Umeme ukikatika, nta hupashwa kwenye mbabula, jiko la makaa lile lile la kupikia. Mwaka juzi kipande kiliangukia kwenye sombe, kisamvu cha Daktari Ghislain. Alikula yote, akauliza ni nani aliyetia mafuta mazuri vile.

Mwezi wa tano jino la mwisho la Papa liling'oka. Akaniambia anataka kitu kimoja tu: siku ya kuagwa awe na meno mdomoni, na niyatengeneze mimi. Sikuwa nimewahi kuchukua kipimo cha taya peke yangu. Nikishindwa, kliniki ingebaki bila mtu wa kazi hiyo, na mwalimu wangu angeagwa na mashavu yamebonyea.

Jumatatu ya kwanza ya Juni alikaa kwenye kiti, akasema mama, akafunga. Nikaandika: sitini na nane, kushoto mbili. Taya la Papa halijawahi kwenda kushoto. Miaka tisa nimemwona akila. Nikarudia. Kushoto mbili. Alikishika kidevu chake kama anashika cha mtu mwingine, akanituma nilete kadi ya Bertin. Huyo alikuwa mfanyakazi wa reli wa Shituru, mvuta kiko, na kiko kilikuwa kimevuta taya lake upande. Alifariki mwaka 2014 meno yake yakiwa tayari, na hakuna aliyekuja kuyachukua. Kadi yake ilisema sitini na nane, kushoto mbili.

Daktari Ghislain alisema ni uzee wa viungo. Nilitaka sana kumwamini. Jumatano Papa akafunga tena: sitini na moja, mbele tatu, na ile "mama" ilitoka nyembamba, na pumzi kidogo mwishoni. Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Rosalie, mpishi wa Mulungwishi, aliyefariki wiki moja kabla ya kuvaa meno yake. Nilitazama kadi yake kwa kutimiza wajibu tu. Namba zilikuwa zile zile.

Papa aliziweka kadi mbili kando kwa kando. Kisha akasema, "Beko banangoja meno yabo." Yaani wanangoja meno yao.

Akavaa koti, maana baridi ya Juni haina mzaha, tukachukua vikopo viwili vya meno yao kutoka kabatini tukatoka. Kule Shituru, mjane wa Bertin, Mama Tania, alifungua kikopo na kulia. "Tulimuzika bila meno," alisema. "Alikuwa anasikia haya mbele ya watu." Aliyazika kaburini siku ile ile, upande wa kichwa, nasi tukisimama pembeni. Kesho yake, kule Mulungwishi, mdogo wake Mama Rosalie alifanya vivyo hivyo, akatupa ndizi za kurudi nazo.

Wiki iliyofuata nilikawia hata nta ikaganda mara mbili. Papa akasema mama, kwa sauti yake nzito. Sitini na nne, katikati. Siku ya pili, sitini na nne, katikati. Ya tatu, hivyo hivyo. Nikapekua kadi zote za miaka thelathini na tisa, sikuona inayolingana. Papa alizitazama namba zile kwa muda mrefu. "Hii sasa ni ya minye," alisema, na machozi yakamlengalenga. Mimi nililia kabisa.

Sasa meno yamo mdomoni mwake. Leo mtamwona akitafuna nyama bila kuikatakata, na msimwonee huruma, muihurumie nyama.

Asante, Papa, kwa midomo yote ya Likasi inayokula kwa sababu yako, na kwa kunikabidhi kiti. Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu Jumanne, kila nikikaa mbele ya mgonjwa na kumwonyesha kwa mdomo wangu, taya langu linafunga mahali nisipopajua. Meno yangu mwenyewe hayakutani kama zamani. Jana nilijipima. Sitini na nne, katikati.

Wale wawili, Bertin na Mama Rosalie, walikujia wakiwa wameshazikwa. Ndiyo maana leo asubuhi nilipita kwako bila kusema sababu. Ulikuwa unakunywa chai, nikashusha pumzi. Wenzangu wote wanakutakia maisha mema, Papa Firmin. Mimi nakuomba yawe marefu.