Mulwa Makau na Barua Iliyobaki Jaladani

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 1987, Mzee Mulwa Makau atarudisha spana zake katika karakana yetu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufunga mabomba ya maji mitaani Eastlands. Alianza Pumwani akibeba vifaa vya wengine. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na cheo hicho hakupewa kwa hisani.

Wako waungwana wa ofisini wanaoamini kwamba kiungo cha bomba ni kiungo tu. Makau hakuuamini upuuzi huo hata siku moja. Kwanza aliuliza bomba litalala wapi na litabebeshwa nini, ndipo akafungua sanduku lake. Wenzake walimtania kwamba anazungusha nyuzi za katani kwenye bomba lisivuje kama anayemsuka bintiye Kanyiva nywele za harusi.

Mwaka 1979 mhandisi mpya aliagiza mifereji yote ya kuteka maji mtaani Ziwani iunganishwe kwa mabomba ya plastiki na gundi, kwa kuwa ni kazi ya haraka. Makau alikataa. Akaandikiwa barua ya onyo: atii, la sivyo aachishwe kazi. Alikuwa na watoto watano shuleni. Badala ya kuomba radhi, aliomba mifereji miwili ya majaribio: mmoja wa gundi, mwingine wa chuma kilichochongwa meno, kikazungushwa katani na kukazwa kwa spana. Alijua jambo asilolijua mhandisi, ambaye hakuwahi kuteka maji pale: akina mama wa Ziwani huitundika ndoo mferejini ijae huku wakizungumza.

Kufikia saa nne asubuhi mmoja wao, Mama Wangeci, alikuwa ametundika ndoo yake. Mfereji wa gundi ulivunjika shingoni, ukamwogesha mhandisi aliyekuja kukagua, pamoja na tai yake. Mama Wangeci akamuuliza kama amekuja na sabuni.

Ushindi huo ungemlevya mwingine. Makau aliichukua gundi ileile akaunganishia mabomba ya plastiki ya chini ya ardhi, ambako udongo mweusi hula chuma. Mhandisi alipoduwaa, akamwambia, "Sina ugomvi na gundi, bwana. Nagombana na mtu asiyeuliza."

Mifereji ya Ziwani, chuma juu na plastiki chini, haivuji hadi leo. Barua ya onyo nayo ingali jaladani mwake, mwaka wa nane sasa. Aibu hiyo ni yetu, si yake. Tunadai itolewe kabla ya chai ya Ijumaa, aichane mwenyewe mbele yetu.

Asante, Mzee. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na wajukuu wengi huko kwenu Mwala. Na fundi atakayekuja kukufungia bomba nyumbani, tunamhurumia mapema.