Munganga wa Bazima: Maisha ya Daktari Nkulu Ézéchias, 1958–2025

Wachungaji, majirani, na ninyi mliotoka Kaniama na Kabondo-Dianda kwa njia ile mbaya, asanteni kufika. Sikilizeni maisha ya mtoto wetu.

Nkulu Ézéchias alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji karibu na Kaniama, mtoto wa pili wa Numbi, mkulima wa mahindi, na mke wake Kyabu. Kaka yake mkubwa alikuwa Nyembo, na mdogo wake Théo. Mama Kyabu alifariki akimzaa Théo, mwezi wa Agosti 1961. Shangazi yao Kabedi Salomé, dada mdogo wa Numbi, alikuwa msichana bado. Alimfunga mmoja mgongoni, wawili akawashika mkono, na maisha yakaendelea. Baadaye aliolewa, mume akafa mapema, akarudi kwenye lupango ya kaka yake, ua wa wazazi wao hapa Kamina, ambako Numbi alikuwa amehamia na watoto. Hakujaliwa kuzaa. Wale waliosema Kabedi hana watoto hawakujua kuhesabu.

Ézéchias alisoma shule ya msingi ya Wamethodisti kule Kaniama. Siku mwalimu alipofundisha juu ya funza, yeye alirudi nyumbani akawapanga binamu zake wote ukutani, akaanza kukagua vidole vya miguu. Binamu mmoja akalia, "Lakini minyi siumwi!" Ézéchias akamjibu, "Njo sawa. Ukianza kuumwa, nitakuwa nimechelewa." Kabedi ndiye aliyeshika sindano, akacheka mpaka akaiangusha. Baada ya hapo alisoma sekondari hapa Kamina, kisha udaktari Lubumbashi, akamaliza mwaka 1986. Siku ya kuondoka kwenda Lubumbashi, Kabedi, aliyekaa shuleni kidogo tu kabla ya kuitwa shambani, alimwambia, "Soma na sehemu yangu." Akaisoma.

Alifanya kazi Kabondo-Dianda miaka mingi. Pale alichoka kuletewa watu juu ya baiskeli, wamefungwa kamba wasianguke, macho yamegeuka. Kwa hiyo mwezi wa Mei 1998 alifungua kabine yake, zahanati ndogo, hapa mtaani Sobongo, kabine ya jamaa nzima: kupima watoto kilo, chanjo, mama wenye mimba, sukari, na tansiyo, presha ya damu ya wazee. Alitaka watu wamfikie wangali wazima. Watu walimcheka.

"Docta, minyi sina ugonjwa. Nikuye kwako kufanya nini, kukusalimia?"

"Ndiyo, baba, kuya unisalimie. Unipe mukono, nitaufunga hapa na kipimo kidogo, halafu unarudia kwako."

Wengine waliogopa kabisa. Walisema kumpima mtu asiyeumwa ni kuuonyesha ugonjwa njia ya nyumba yake.

Katika kazi hii hakuwa peke yake. Tarehe 9 Julai 1988 alikuwa amefunga ndoa na Ndaya Lise, muuguzi, binti wa jamaa ya Wakatoliki. Lise alisema alimkubali kwa sababu ni mwanaume wa kwanza aliyemwona ananawa mikono bila kuambiwa. Mungu aliwapa watoto wawili, Amédée na Salomé.

Sasa lazima lisemwe jambo ambalo jamaa wote wanalijua na wengine wangependa lirukwe. Halitarukwa.

Baba Numbi alianguka shambani mwaka 1979, akafa siku ile ile. Mwaka 1994 Nyembo alianguka akinywa maji. Mwezi wa Julai 2003 Théo alianguka akifunga gunia la mahindi kwenye baiskeli, mtu mwenye nguvu, aliyekuwa anapiga mluzi. Kilio cha matanga kilipokuwa kimejaa watu, mzee Ngandu, kaka wa Numbi na mkubwa wa jamaa, alisimama.

"Banaume batatu mu lupango moja. Nani anabaki hapa ananenepa?"

Wote wakamwangalia Kabedi. Mjane, hana mtoto wa tumbo, na mikono yake ndiyo ilipika chakula cha wale watatu. Vijana walianza kusogea. Ngandu akasema atoke kabla kilio hakijavunjwa. Kila mtu alijua mwanamke mzee anayetolewa kwao na jina la mchawi anafikia wapi.

Kabedi hakulia. Alimwambia kaka yake, "Yaya Ngandu, minyi sitoki. Hii lupango nilikuwa naifyagia wakati weye ulikuwa unakimbia shule. Unataka nitoke, unibebe. Na minyi niko mzito."

Ézéchias aliingia katikati. "Papa Ngandu, mbele ya kumutosha shangazi mu lupango, unipe siku moja. Alhamisi bote bakuye ku kabine. Bakubwa na batoto."

"Juu ya nini? Nani iko mugonjwa?"

"Hakuna. Njo maana nawaita."

"Na usipoona kintu?"

Daktari baadaye alimwambia mke wake kwamba hakujua atakuta nini. Lakini mbele ya watu alijibu, "Nisipoona, minyi nitanyamaza, na weye utasema."

Alhamisi jamaa wote walikwenda kwa miguu, wamevaa nguo za kilio. Kwa Kamina, ukiona jamaa nzima inaingia kwa munganga pamoja, ni kwamba mtu amekata roho. Majirani hawakuuliza. Kwaya ilikuja kwenye lupango na mikeka, mama mmoja akabeba sufuria ya maharagwe, na wimbo ukaanza.

Kule kabine, Kabedi alikaa wa kwanza kwenye kiti, bila kuitwa. "Kama kuko kintu, kionekane kwangu, halafu tumalize." Lise alimfunga kipimo mkononi, akapima, akapima tena, akamwita mume wake. Tansiyo ilikuwa juu sana. Kisha wakapima wengine. Ngandu alikuwa juu kumpita Kabedi. Mtoto wake Lumbu, kijana wa kucheza mpira, juu. Wake walioolewa katika jamaa walikuwa sawa, karibu wote. Lakini damu ya Numbi, mmoja baada ya mwingine, juu.

"Hii mashini iko nabeya bongo, inatudanganya," Ngandu alisema.

"Papa, mashini haijui jina yako. Damu yako inasukuma mishipa na nguvu sana. Haiumi, haikohoi, haikuiti. Inakuangusha siku moja. Njo ilimuangusha baba, na Nyembo, na Théo. Tunaizaa na batoto, kama vile tunawapa pua yetu. Na chumvi ya bitoyo, hii samaki kavu tunakula, inaiongezea nguvu."

Kabedi, mkono wa gauni bado umekunjwa, alimgeukia kaka yake. "Yaya, kama minyi njo nabakula, sasa minyi nani ananikula?"

Ngandu aliangalia sakafu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama dawa ya tansiyo ni chungu.

Walipokaribia nyumbani walisikia vilio. Mama wa kwaya aliwakimbilia: "Pole, pole! Nani ametuacha?"

"Hakuna muntu," Lise alisema. "Tulienda kupimwa."

"Muko bazima bote? Basi munatulilisha bure!"

Walicheka, wakakaa, wakala maharagwe, yenye chumvi nyingi, Ézéchias alisema, na bado alirudia sahani.

Ngandu hakuomba samahani kamwe, na Kabedi hakumngojea. Lakini kila Alhamisi Ngandu alikuja kupimwa, akakaa na Kabedi kwenye benchi moja, akawa anamkumbusha vidonge vyake. Ngandu alifariki mwaka 2016, mzee kabisa, usingizini. Tangu Théo, hakuna mwanaume wa jamaa hii aliyeanguka. Alhamisi ikabaki siku ya bazima: jamaa nyingi za Kamina zilikuja, na mwenye kukohoa alionyeshwa mlango mwingine. Wengi wenu mliosimama hapa, mnasimama kwa sababu ya Alhamisi moja.

Ézéchias naye alikunywa vidonge vyake kila asubuhi, na tansiyo haikumpata. Mwezi wa Novemba 2024 alianza kukonda. Lubumbashi waliona kansa ya ini, imekwisha kusambaa. Maneno yakaanza mtaani: anapima wote, yeye amefanyiwa nini? Aliyasikia. Mwezi wa Februari aliita jamaa wote kitandani kwake, akamwambia Kabedi akae karibu naye, akawaeleza ugonjwa kwa jina lake, mahali ulipoanzia, na namna utakavyommaliza. "Nawaambia ningali na sauti, juu musitafute muntu wa kulaumu. Lumbu, rudilia nilichosema." Lumbu, aliyeshika nafasi ya baba yake Ngandu kama mkubwa wa jamaa, alirudia chote, akilia, mpaka mgonjwa akaridhika.

Alifariki nyumbani kwake Sobongo tarehe 3 Juni 2025, asubuhi, mkono wake katika mkono wa Lise.

Ameacha mke wake Ndaya Lise, watoto wake, Amédée, munganga kama yeye, na Salomé, wajukuu, Lumbu na jamaa nzima ya Ngandu, wauguzi wa kabine, ambayo itafunguliwa Alhamisi, na shangazi yake Kabedi Salomé, aliyemlea. Leo Lumbu mwenyewe alimletea kiti, akakiweka kichwani pa jeneza. Kabedi ameketi hapo tangu asubuhi, na hakuna jicho lililomuuliza kitu.

Wafwako, asante, Ézéchias, mwanetu. Amani uliyoiweka katika lupango yetu, Mungu akulaze ndani yake.