Mwalimu Byabato, Aliyepima Vipeuo kwa Kahawa

Ndugu waombolezaji, mliotoka Muleba, Miembeni na hapa Kaagya, Mwalimu Isaac Byabato alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari mjini Bukoba, akasomea ualimu, na tangu 1973 hadi 2011 alifundisha hesabu wilayani Muleba, ambako tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa Annastella wa Kishanda, mwanamke ambaye hakukaa darasani hata siku moja lakini hakuchoka kuuliza, wakajaliwa Kemilembe na Josia.

Julai 1992 Kemilembe, akiwa kidato cha pili katika darasa la baba yake, alizidisha kipeuo cha pili cha mbili kwa kipeuo cha pili cha nane, akatafuta kila kimoja kwenye jedwali, akapata tatu nukta tisa tisa, marehemu akamwekea kosa, mtoto akarudi nyumbani akimwambia baba yake, "Taata, mimi na shule basi," na mama yake akamtetea, akauliza ni baba gani anayemnyima mwanawe alama kwa upungufu wa punje moja.

Marehemu hakugomba, alichora uani mraba wa hatua moja kila upande na mwingine wa hatua mbili, akakata kamba mbili, kila moja ya kutoka pembe hadi pembe ya mkabala ya mraba wake, akasema ndivyo vipeuo vyenyewe, akazifanya upana na urefu wa mstatili, kisha akamwomba mkewe atandaze kahawa juu yake, tabaka moja, halafu aikusanye yote aitandaze kwenye mraba wa hatua mbili, ambao hata Josia mdogo aliona ni miraba minne ya hatua moja, na Annastella, aliyeanza akiguna, akainama akitaka kujua, mraba ukajaa, zikabaki punje za kiganja, akauliza, "Mwalimu, na hizi?" akajibiwa, "Hizo ni za mikono yako, si za hesabu," wakacheka, na Kemilembe akaona mwenyewe kwamba angezidisha kwanza ndani ya kipeuo, mbili mara nane, angepata kumi na sita, ambayo kipeuo chake ni nne kamili, na Jumatatu akarudi darasani.

Tangu Agosti 2023 marehemu alisumbuliwa na figo, akafariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Annastella akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala msibani, na walimu wenzake, na yeyote aliyebaki na swali la hesabu alilotaka kumwuliza marehemu, amletee Kemilembe, ambaye leo ni mwalimu na ndiye anayewasomea haya.

Mwalimu, pumzika kwa amani, darasa lina mtu.