Kaka Yetu na Hataza Isiyopata Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa kumfuata nawasomea maisha ya kaka yetu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi saa na mshona nguo, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, sekondari ya bweni, kisha uhandisi wa kemia chuo kikuu, alikohitimu mwaka 1982, na kote huko aliitwa Redio, maana jambo likiingia kichwani mwake halikulala humo.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kiwanda cha chipu za kompyuta, akapewa chumba cha kuoshea visahani vya silikoni vinavyotengenezewa chipu hizo, na baada ya miaka ya kuhangaika akavumbua namna ya kuvikausha kwa mvuke bila kuacha doa la maji, kitu ambacho viwanda vyote vilikitafuta kwa udi na uvumba, ila kabla kampuni haijaomba hataza, ili njia hiyo iwe yake peke yake, kaka akaenda kwenye mkutano wa wahandisi, na kwenye foleni ya chai, mbele za watu, akammwagia yote dada mmoja mcheshi, mhandisi wa kampuni pinzani.

Sasa kisheria kilichokwisha kusemwa hadharani hakipewi hataza, basi wapinzani wakaweka pingamizi, dada yule akaitwa kutoa ushahidi, na wakubwa wa kaka wakamtaka amwite mwongo, la sivyo kazi hana, naye akasimama akasema ni kweli alisema, tena kwa sauti, hivyo hataza ikaota mbawa, kazi ikaenda, na njia ile ikawa ya kila mtu hadi leo.

Tarehe 6 Januari 1990 alimuoa shahidi, wakajaliwa mabinti wawili, akafundisha chuo cha ufundi hadi kustaafu, na sikumwona akijuta hata kidogo, ingawa mimi niliyemhifadhi kwangu alipokosa kazi nilijuta kwa niaba yake.

Aliugua figo mwaka 2023, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, akiwa amekwisha kuwaeleza manesi wote habari ya visahani.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wa kampuni zote mbili, mliokaa hapa mmechanganyika, na shemeji ameniomba niseme kwamba habari ile aliisikia miaka yote ya ndoa mpaka akaichoka, na leo angetoa chochote kuisikia mara moja tena.

Pumzika kaka, kwa amani ileile uliyoishi nayo.